Tukipanda Kilima, Tupande Wote

*Haya ni maongezi ya mwelimishaji wetu wa afya kwa wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa ziara ya baiskeli mkoani Iringa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili nawe msomaji ujione umekaa pale pale kwenye benchi pamoja nao.*

Hamjambo vijana wenzangu? Kamwene!

Hiyo ya pili ni salamu ya Wahehe. Mkifika Iringa mtaisikia njia nzima, na ukiijibu vizuri hutakosa wa kukuelekeza njia wala wa kukupa maji ya kunywa.

Najua mlipoiona fulana yangu mlisema, "Haya, amekuja na malaria yake na UKIMWI wake." Leo hapana. Leo nimekuja kuzungumza juu ya baiskeli, vilima na historia. Ila nawaambia mapema, afya imo humo humo, wala hutaiona ikiingia.

Kwanza nyosheni mikono. Nani anajua kuendesha baiskeli? Naona karibu wote. Nani amewahi kupanda kilima kirefu mpaka juu bila kushuka? Mikono imepungua. Sasa nani amewahi kushuka, akaanza kusukuma baiskeli, halafu akaona aibu kwa sababu wenzake walikuwa wanamwangalia? Msicheke. Na wewe unayesoma nyumbani, jibu moyoni mwako. Swali hilo la tatu ndilo lililonileta hapa.

Kwa nini Iringa, na kwa nini baiskeli?

Mji wa Iringa umekaa juu kilimani, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Mbeya haipiti mjini. Inapita chini, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Maana yake ni nini? Ukitoka mjini kwenda Isimila, safari inaanza kwa mteremko na kila mtu ni bingwa. Ukirudi, unamaliza kwa kupanda, tena ukiwa umechoka, una njaa na jua limekuunguza. Hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Jina lenyewe la Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Eneo hili lina historia ya ajabu. Ndani ya mwendo wa baiskeli kutoka mjini kuna ngome ya mtawala aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka mingi, na kuna korongo lenye zana za mawe za watu walioishi kabla hata hakujawa na kabila wala nchi.

Ukipita kwa basi utaviona vibao vya barabarani tu, halafu basi. Ukienda kwa miguu siku itaisha njiani. Baiskeli iko katikati: inakwenda polepole kiasi cha kumsalimia bibi aliyeko shambani, na inakwenda haraka kiasi cha kufika na kurudi kabla ya giza. Halafu inaupa moyo na mapafu kazi nzuri, haili mafuta, na kila kijiji kina fundi wake.

Wakati mzuri ni miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Lakini jihadhari, Juni na Julai Iringa ni baridi kweli kweli, hasa alfajiri. Msidanganywe na jua la saa sita mkaacha masweta.

Siku ya kwanza: mjini na Gangilonga

Siku ya kwanza msiende mbali. Mtu aliyetoka Dar es Salaam au Tanga atashangaa anahema kwa kilima kidogo tu. Hajaugua. Ni kwamba kule juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na mwili unahitaji kuzoea. Uupe siku moja.

Tembeleeni Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Humo mtaona vitu vya maisha ya watu wa nyanda za juu kusini, na mtapata picha ya yale mtakayoyakuta mbele ya safari.

Jioni pandeni Gangilonga. Ni jiwe kubwa sana lililo pembeni ya mji, na jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Baiskeli ziacheni chini na mtu wa kuzilinda, pandeni kwa miguu. Ukiwa juu unauona mji wote na vilima vilivyouzunguka. Hapo ndipo kila mmoja ajionee kwa macho yake njia ya kesho na kesho kutwa. Kilima ulichokwisha kukitazama hakikushtui sana ukikutana nacho.

Siku ya pili: Kalenga

Kalenga iko umbali wa kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa mtu aliyezoea ni safari ya asubuhi.

Hapa palikuwa makao makuu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Historia yake mmeisoma darasani, lakini ukiisikia ukiwa umesimama pale pale inakuingia kwa namna nyingine. Mwaka 1891 Wajerumani walimtuma kamanda wao Emil von Zelewski na askari wake kuja kuwatiisha Wahehe. Tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, msafara wao ulikuwa umejipanga mrefu katika vichaka na mawe, wala hawakujua kwamba wapiganaji wa Mkwawa walikuwa wamewasubiri pembeni. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na vita vyenyewe havikuchukua muda mrefu.

Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba. Mkwawa akatoroka. Kwa karibu miaka minne aliendelea kupigana porini na milimani, huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa atakayefanikisha kupatikana kwa kichwa chake. Hebu fikiria, miaka minne! Mtu hawezi kujificha peke yake muda wote huo. Kulikuwa na watu waliompa chakula, waliompa habari, waliofunga midomo. Alikufa Julai 1898 huko Mlambalasi, alipokuwa amezingirwa na kukataa kukamatwa akiwa hai.

Fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza suala hilo liliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246. Hata hivyo fuvu lilirudi mwaka 1954 tu, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Sasa limo katika jumba dogo la makumbusho hapo Kalenga. Mkiingia, vueni kofia na punguzeni kelele. Lile si pambo la kutazama, ni mabaki ya mtu.

Mtauliza, na Lugalo je? Kuna mnara wa kumbukumbu kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Lakini barabara hiyo ina malori na mabasi mengi, na mimi siwashauri mwende huko kwa baiskeli. Nendeni kwa gari la shule. Mlambalasi nako ni mbali, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Kupange kwa siku nyingine, pamoja na watu wazima na gari la kuwafuata.

Siku ya tatu: Isimila

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, upande wa barabara ya Mbeya. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini, akiwa safarini, alipita hapo akaona mawe yenye sura isiyo ya kawaida. Akayaokota. Kumbe yalikuwa zana za Zama za Mawe! Wataalamu walipokuja kuchimba miaka ya 1957 na 1958 walikuta mashoka ya mkono na zana nyingine kwa wingi mno. Wanasayansi waliopima umri wa mahali pale walipata miaka zaidi ya 200,000. Zamani hizo palikuwa na ziwa la maji ya kina kifupi, na watu walikuja kuwinda na kuchinja wanyama kandokando yake. Imepatikana hata mifupa ya aina ya kiboko ambaye hayupo tena duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa.

Sasa angalieni: aliyegundua hakuwa profesa. Alikuwa mwanafunzi kama wewe, aliyesimama akatazama chini. Anayekimbia haoni kitu.

Karibu na hapo kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo, zilizochongwa na mvua na upepo kwa miaka mingi sana. Ukisimama kati yake unajiona sisimizi. Njia ya kushukia ina mawe na kokoto zinazoteleza, kwa hiyo vaeni viatu vilivyofunika vidole, si kandambili. Na jambo moja nawaomba: msiondoke na jiwe hata moja mfukoni. Kila mmoja akichukua moja, wadogo zenu watakuta udongo mtupu.

Halafu mnaanza kurudi. Kilomita 20, na mwisho wake kuna kilima cha Ipogolo.

Yaliyotokea Ipogolo

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili sijalisoma kitabuni.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikwenda Isimila kwa baiskeli, wasichana kwa wavulana, tisa kwa jumla. Ilikuwa Jumamosi. Hatukumwaga mwalimu, tulisema tu tunakwenda kujisomea. Baiskeli zenyewe tulikodi, nyingi zikiwa zile Phoenix nzito zisizo na gia.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilisimama mbele ya wenzangu nikasema, "Atakayechoka abaki, sisi hatumsubiri mtu." Nilisema kwa utani. Wote wakacheka. Rafiki yangu naye alicheka. Nitamwita Rehema, si jina lake, na yeye mwenyewe ameniruhusu niwasimulie.

Rehema alikuwa na pumu. Mimi nilijua kidogo, wengine hawakujua kabisa. Alikuwa na inhela, ile pampu ya kuvuta dawa mdomoni, lakini siku ile aliiacha bwenini chini ya godoro. Kwa nini? Kwa sababu wiki moja kabla, mvulana mmoja alimwona akiitumia akasema, "Mwone bibi kizee na kiko chake." Jina la Bibi likamganda.

Kwenda hakukuwa na shida. Kurudi upepo ulivuma, vumbi la malori likatujaa puani. Tulipofika Ipogolo kila mtu akaanza kushindana. Mimi nilikuwa wa tatu kufika juu. Tukanunua soda, tukakaa kwenye ukuta, tukaanza kuwacheka waliokuwa wanakuja wakisukuma. Wakafika wa nne, wa tano, mpaka wa nane. Wa tisa hakufika. Mmoja wetu akasema, "Bibi atakuwa amelala njiani." Tukacheka tena. Tulikaa pale kama dakika ishirini.

Kisha akaja kijana wa bodaboda kutoka chini, akasimama akatuuliza, "Nyie, yule dada wa baiskeli ya kijani si mwenzenu? Amekaa kule kwenye kona, hawezi kupumua."

We acha tu. Sikumbuki nilivyoshuka kile kilima. Nilimkuta amekaa chini, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka, kifua kinapiga miluzi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alitaka kuniambia kitu, maneno hayakutoka. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa amemshika mgongoni, akiwafukuza watu waliomzingira. Kijana yule wa bodaboda ndiye aliyempeleka hospitali, mama akiwa nyuma amemkumbatia asianguke. Hakudai hata senti.

Rehema alipona. Alilala hospitali siku mbili. Lakini kuna kitu sikisahau. Daktari alipotoka wodini hakutugombeza. Aliuliza swali moja tu: "Nani alikuwa naye?"

Tukatazamana. Tulikuwa wanane, na hakuna aliyekuwa naye.

Baadaye nilimuuliza Rehema, kwa nini hukutuita? Akaniambia, "Wewe si ulisema hamsubiri mtu?"

Sheria moja kubwa

Ndiyo maana leo nikipanga safari ya vilimani naanza na sheria hii: *kundi linakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma.* Anayekwenda taratibu kuliko wote ndiye anayewekwa mbele, na yeye ndiye anayeamua mwendo. Nyuma kabisa anakaa mtu mwenye nguvu na akili timamu, mwenye simu iliyochajiwa, pampu ya tairi na sanduku la huduma ya kwanza. Huyo wa nyuma hampiti mtu yeyote, hata iweje. Kila baada ya kilomita tano mnasimama na kuhesabiana.

Na kushuka ukasukuma si aibu. Kilima hakimpi mtu cheti. Ukiona pumzi zako haziruhusu hata kusema sentensi moja, umezidisha. Punguza mwendo, au shuka. Kama una gia, weka gia nyepesi kabla hujaanza kupanda, usisubiri katikati ya kilima. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini mguu unakaribia kunyooka, vinginevyo magoti yatalia usiku kucha.

Sheria ya pili ni ndogo ya hiyo: *sema mwili wako unahitaji nini kabla ya safari.* Usiseme kwa wote kama hutaki. Mwambie kiongozi na mtu mmoja unayemwamini.

Kama una pumu, nenda na dawa yako mfukoni, si kwenye begi la mtu mwingine. Mazoezi, baridi na vumbi vyote vinaweza kuamsha pumu, kwa hiyo muulize daktari kama utumie dawa kabla ya kuanza kupanda. Mwenzenu akibanwa, mkalisheni wima, msimlaze chali. Mlegezeeni nguo, mpeni nafasi ya hewa, mpeni inhela yake mwenyewe atumie kama alivyoelekezwa. Asipopata nafuu haraka, au akishindwa kusema, hospitali mara moja.

Kama una selimundu, uchovu mwingi, baridi na upungufu wa maji vinaweza kukuletea maumivu makali. Zungumza na daktari kwanza. Huenda ukaambiwa nenda kwa gari mkutane makumbusho, na hiyo nayo ni ziara kamili. Kama una kisukari au kifafa, vivyo hivyo. Kundi zuri linampangia kila mtu nafasi yake.

Kushuka kunaua kuliko kupanda

Kupanda kunachosha, lakini ajali mbaya zinatokea kwenye mteremko. Asubuhi ya kila siku kagueni breki zote mbili, raba zake zisiwe zimeisha. Kagueni tairi, mnyororo na usukani. Baiskeli yenye breki moja haiendi Iringa, iende kwa fundi.

Mkiteremka, punguzeni mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Bonyeza breki zote mbili taratibu. Ukiibana ya mbele peke yake kwa ghafla, baiskeli itasimama, wewe utaendelea na safari. Tembeeni mstari mmoja upande wa kushoto, mkiachiana nafasi. Vaeni kofia ngumu na nguo za rangi inayoonekana. Na wale mnaodandia malori kwenye kupanda, mkono mmoja kwenye lori na mwingine kwenye usukani, nawaomba muache. Dereva hakuoni, na lori likiyumba kidogo tu huna pa kukimbilia.

Maswali yenu

Mlinipa vikaratasi bila majina. Nimechagua vitatu.

*"Dada, nyumbani wanasema msichana akiendesha baiskeli anapoteza bikira. Ni kweli?"*

Asante kwa swali, na najua hukuwa peke yako. Bikira ni neno tunalomwita mtu ambaye hajafanya mapenzi. Baiskeli haifanyi mapenzi na mtu. Kile kiutando kilichoko ukeni kinatofautiana kati ya msichana na msichana, na kinaweza kutanuka au kuchanika kwa sababu nyingi za kawaida. Hakuna anayeweza kukitazama akajua kama msichana amewahi kufanya mapenzi. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba vipimo vya bikira havina msingi wa kisayansi na vikomeshwe. Mama akiwa na wasiwasi, usibishane naye kwa hasira. Mwonyeshe ukurasa huu, msome pamoja.

*"Nikiwa kwenye siku zangu niende au nibaki?"*

Ukijisikia vizuri, nenda. Mazoezi hayadhuru hedhi, na wasichana wengine huona maumivu ya tumbo yanapungua. Beba pedi za kutosha, chupi ya akiba, sabuni na mfuko wa kuwekea zilizotumika. Ukijisikia vibaya, baki, wala usijitungie malaria. Na wavulana, msichana akisema anaomba tusimame, tunasimama. Hatuulizi kwa nini.

*"Eti baiskeli inamaliza nguvu za kiume?"*

Nilijua litakuja. Ukikaa muda mrefu kwenye kiti kigumu, neva na mishipa ya damu ya sehemu ile hubanwa, unasikia ganzi. Hiyo ni ishara ya kubadilisha mkao. Inuka kwenye pedali kila baada ya muda, rekebisha kiti kisielekee juu, pumzika. Kwa kawaida ganzi huisha. Ikikaa muda mrefu au ikirudi mara kwa mara, mwone daktari bila kuona haya. Safari ya kilomita 30 au 40 kwa siku kwa utaratibu huu haikufanyi ushindwe kuwa baba.

Kumbuka, kabla ya kuondoka

1. Mwalimu na wazazi wawe na orodha ya majina, njia mtakayopita na saa ya kurudi. Sisi hatukuwa nayo, mmesikia yaliyotupata.

2. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili, anywe kidogo kidogo hata kabla hajasikia kiu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, ongeza maji. Msinywe maji ya mto bila kuyachemsha au kuyatia dawa.

3. Msiogelee kwenye mito na madimbwi mtakayokutana nayo. Mengi nchini yana kichocho, na maji kuonekana safi si dhamana.

4. Chakula kiwe cha kutia nguvu: viazi vitamu, ndizi, karanga, chapati, mayai ya kuchemsha. Soda na biskuti peke yake zitakuangusha njiani.

5. Bebeni sweta, tochi, tyubu ya akiba, gundi na viraka, na fedha za viingilio.

6. Anzeni saa moja asubuhi, muwe mmerudi kabla ya saa kumi na moja jioni.

7. Msalimieni kila mtu mzima, na muombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Na wewe usiyekaa Iringa, usikunje gazeti ukasema haya hayakuhusu. Lushoto kuna milima, Mbeya kuna milima, Njombe na Kilimanjaro vivyo hivyo, na kila mahali pana mzee anayejua historia ya pale. Muulize mwalimu wako wa historia, tafuteni njia yenu ya kilomita 20, mpange kama tulivyosema.

Neno la mwisho

Mwaka jana mimi na Rehema tulikwenda tena Isimila, tukiwa kundi la watu sita. Yeye alikaa mbele, inhela ikining'inia shingoni kwa kamba nyekundu, kila mtu anaiona. Pale Ipogolo tulisimama mara nne. Mara ya tatu tulisimama kwenye ile kona, na yule mama wa nyanya bado alikuwepo. Alimtambua. Hakusema mengi, alitugawia nyanya tukala vivi hivi na chumvi.

Tulichukua karibu saa nzima kupanda. Waendesha baiskeli wengine walitupita, mmoja akatucheka. Tulipofika juu nilihesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita.

Hiyo hesabu ndiyo ninayowaombea ninyi. Mkifika juu, mhesabiane, na idadi iwe ile ile mliyoondoka nayo. Safari njema, na Kamwene kwa wote mtakaowakuta!